Rangi Inayofichua Kasoro ya Jeni katika Saratani ya Tezi ya Shingo

Rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo iitwayo thairoidi, ni ugonjwa wa miaka mingi kandokando ya Ziwa Kivu, ambako Rusizi (Cyangugu) ya Rwanda imepakana na Bukavu ya Kongo. Watafiti waliouchunguza katika Idjwi, kisiwa cha ziwa hilo, tangu miaka ya 1960 waliuhusisha na uhaba wa madini ya ayodini, pamoja na ulaji wa mihogo isiyoondolewa sumu ipasavyo. Vivimbe vingi vya tezi hiyo si saratani, lakini vichache ni saratani, wala haviwezi kutambuliwa kwa kutazama shingo peke yake.

Kipande cha uvimbe kikishatolewa, huhifadhiwa katika formalini, hugandishwa ndani ya nta ya parafini, kisha hukatwa vipande vyembamba mno vya kutazamwa kwa hadubini. Rangi za kawaida huonyesha maumbo ya seli, ila hazionyeshi kasoro ya jeni. Kwa kuwa jeni ndiyo yenye maelekezo ya kuunda protini, kasoro yake huweza kutambuliwa kupitia protini iliyobadilika. Katika kasoro iitwayo V600E ya jeni ya BRAF, asidi ya glutamiki hushika nafasi ya valini, na protini inayotokana nayo huichochea seli igawanyike bila kukoma. Kasoro hiyo hupatikana katika takriban nusu ya saratani za papilari, ambazo ndizo za kawaida zaidi katika tezi hiyo.

Mwaka 2011 wanasayansi wa Heidelberg, Ujerumani, walitangaza kingamwili iitwayo VE1, ambayo hunata kwenye protini yenye kasoro na kuiacha iliyo salama. Kimeng'enya kinachoongezwa baadaye hutoa rangi ya kahawia pale kingamwili iliponata.

Hata hivyo, kukosekana kwa rangi hiyo hakumaanishi kwamba saratani haipo, kwa sababu VE1 hutambua kasoro moja tu. Penye uhaba wa ayodini, saratani za folikula, ambazo mara nyingi huwa na kasoro za jeni za RAS, huchukua sehemu kubwa zaidi kuliko kwingineko. Na majibu yenye shaka huhitaji kuthibitishwa kwa kipimo cha DNA.

Faida ya njia hii ni kwamba hutumia kipande kilekile cha nta, ambacho kinaweza kusafirishwa kutoka hospitali ya wilaya hadi maabara kubwa. Kwa hiyo kipande na kitiwe formalini mara tu kinapotolewa, na mwenye uvimbe unaokua au sauti iliyokwaruza kwa muda mrefu asichelewe kufika hospitalini.