Tuhame au Tubaki? Maoni ya Wafanyakazi wa Kampala juu ya Windows Mpya

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilifikisha mwisho wa kuihudumia Windows 10. Windows ndiyo programu kuu inayoiendesha kompyuta. Bila programu kuu, kompyuta ni sanduku tu lenye nyaya ndani. Windows 10 ilitoka mwezi Julai 2015, na maofisi mengi ya hapa Kampala yameitumia miaka yote hiyo. Iliyoifuata, Windows 11, ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021.

Tangu siku hiyo ya Oktoba, kila ofisi ninayofika kwa kazi ya chama nakutana na swali lile lile: tuhame au tubaki? Matajiri wanaliuliza kwa sababu ya fedha. Wafanyakazi wanaliuliza kwa sababu wao ndio wanaokaa mbele ya mashine hizo saa nane kwa siku, lakini hakuna aliyewauliza. Basi nimewauliza mimi.

Kwanza tuondoe hofu moja. Wapo wenzetu walioambiwa kwamba kompyuta yenye Windows 10 itazimika na haitawaka tena. Si kweli. Inawaka na inafanya kazi kama jana. Kilichokoma ni marekebisho ya usalama. Wezi wa mitandaoni hawaachi kutafuta ufa wa kupenya, na kampuni hutoa marekebisho kila mwezi ili kuziba nyufa zilizogunduliwa. Sasa ni kama nyumba ambayo fundi wake ameacha kuja: nyumba imesimama, ila ufa utakaotokea kesho hautazibwa. Anayetaka fundi aendelee kuja lazima ajiandikishe. Watu binafsi wamepewa nafasi hiyo hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Makampuni yanatozwa dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, yaani zaidi ya shilingi laki mbili za Uganda, na bei hiyo inazidishwa mara mbili kila mwaka, kwa miaka mitatu isizidi.

Sasa maoni yenyewe.

Katika ofisi moja ya kutoa mizigo forodhani, makarani vijana waliniambia kwamba Windows 11 wanaipenda. Mashine inawaka upesi, na unaweza kuzipanga hati mbili au tatu kwenye kioo kimoja bila kuhangaika kuvuta madirisha huku na huku. Karani wa forodha hilo analithamini, maana kutwa nzima analinganisha karatasi na karatasi. Nilipoendelea kuwahoji nikagundua kwamba tajiri wao alinunua mashine mpya, akaleta mwalimu, na mafunzo yalifanywa siku mbili ndani ya saa za kazi. Naamini sifa nyingi walizotoa zilikuwa za mwalimu yule na siku zile mbili.

Barabara ya Nasser ni habari nyingine kabisa. Wasomaji wa Kenya na Tanzania wasioijua, hii ndiyo barabara ya wapiga chapa wa Kampala: kadi za harusi, kalenda, vitabu vya risiti, mabango ya uchaguzi, yote hutoka pale. Vijumba vimebanana, na ndani ya kila kijumba utakuta kompyuta moja au mbili ambazo aghalabu zilikwisha kutumika Ulaya au Marekani kabla ya kufika kwetu. Hizo ndizo Windows 11 inazikataa. Inadai kompyuta iwe na kumbukumbu ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 64, na hayo si tatizo kubwa, mashine nyingi za zamani zinayo. Lakini inadai pia kipande cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, iliyotengenezwa takriban kuanzia mwaka 2017 au 2018. Mashine ya mwaka 2014 hata ikiwa nzima kama kengele, jibu ni hapana.

Mpiga chapa mmoja, mtu mzima mwenye watoto wanne, alinionyesha kompyuta yake. Anachorea kadi juu yake tangu alipoanza kazi pale. Haijamgomea hata siku moja, alisema, na sasa mtu asiyewahi kuiona anamwambia kwamba ni takataka. Jambo la pili lililomuuma ni mashine ya kukatia karatasi za kubandika. Inaongea na kompyuta kwa programu ya zamani iliyokuja nayo, na mtengenezaji hakutoa nyingine. Akibadilisha Windows, huenda akabaki na mashine mbili zisizoelewana.

Msisahau namna watu hawa wanavyolipwa. Wengi wa Barabara ya Nasser hawana mshahara wa mwezi. Wanalipwa kwa kipande. Karani wa ofisini kompyuta ikigoma hukaa akanywa chai hadi fundi afike, na mwisho wa mwezi mshahara wake ni ule ule. Wa kipande kompyuta ikigoma siku mbili, siku mbili nyumbani kwake ni shida. Kwa hiyo anaposema hataki kubadilisha chochote, asiitwe mjinga wala mzito wa kujifunza. Amepiga hesabu yake.

Mafundi wa mtaani wanao ujanja wa kuipita ile hukumu ya hapana na kuweka Windows 11 kwenye mashine ya zamani. Inawezekana, na nimeiona ikifanya kazi. Lakini Microsoft yenyewe imesema kwamba mashine ya namna hiyo haina haki ya kutegemea marekebisho. Maana yake unaweza kuhama nyumba na bado ukakosa fundi uliyemfuata. Mwenye kulipia ujanja huo ajue kwanza hilo.

Mzee mmoja mhasibu, aliyebakiwa na miaka michache kustaafu, alinichekesha. Yeye amepitia XP ya mwaka 2001, akaishi nayo hadi ilipoachwa mwaka 2014. Vista ya mwaka 2007 aliikataa, na ulimwengu mzima karibu uliikataa pamoja naye. Akapanda Windows 7, akairuka Windows 8, akatua Windows 10. Kanuni yake ni kwamba toleo moja la kula, moja la kuruka. Kwa kanuni hiyo anataka kuiruka na hii ya sasa. Nikamwambia safari hii hajajua la kurukia liko wapi.

Hata hivyo mzee yule alinikumbusha jambo linalotufaa sisi wa vyama. Windows 8 ilipotoka Oktoba 2012, kitufe cha kuanzia kilichokaa pembeni ya chini tangu mwaka 1995 kilikuwa kimeondolewa. Watumiaji walilalamika, maofisi hayakuinunua kwa hamu, na mwaka uliofuata, katika toleo la 8.1, kitufe kikarudishwa. Kampuni ile ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani, na ilirudi nyuma kwa sababu ya kelele za watu wa kawaida waliokuwa wakitafuta kitufe chao.

Wapo wenye maoni ya tatu: kuiacha Windows kabisa na kuhamia Linux, ambayo ni programu ya bure na inaishi vizuri kwenye mashine za zamani. Fundi mmoja kijana ameshahamisha kompyuta kadhaa za shule moja ya msingi na za duka la uandishi. Kwa kuandika barua, kupiga hesabu na kuingia mtandaoni, hakuna kinachopungua. Nilikaa kwenye mashine moja ya duka lile nikaandika barua ya tawi hadi mwisho bila kuuliza mtu. Lakini mpiga chapa wa Nasser hawezi kuhamia huko kirahisi, maana programu anazochorea zimetengenezwa kwa Windows. Kwa karani wa stoo na mwalimu, mimi naona ni njia nzuri kuliko kutupa mashine nzima.

Sasa niseme na upande mwingine, maana nisiposema nitakuwa nawapendeza tu wenzangu. Kubaki bila marekebisho ni hatari ya kweli. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea katika nchi 150 hivi, vikafunga mafaili ya watu na kudai fedha ili yafunguliwe. Huko Uingereza hospitali za umma zilivurugika, wagonjwa maelfu wakaahirishiwa miadi. Na marekebisho ya kuuziba ufa ule yalikuwa yametolewa mwezi Machi mwaka huo huo. Waliopatwa ni wale ambao mashine zao hazikuwekewa. Ofisi yenye majina, mishahara na madeni ya watu haina ruhusa ya kucheza mchezo huo.

Kwa hiyo ubishi wa tuhame au tubaki sioni kama ndio ubishi wetu. Ubishi wetu ni kuhama kwa gharama ya nani.

Chukua gharama ya mtandao. Windows 11 ni bure kwa mwenye Windows 10 halali na mashine inayokubaliwa, lakini mzigo wake ni gigabaiti kadhaa, na Uganda tangu Julai 2021 data ya mtandao ina ushuru wa asilimia 12. Katika ofisi mbili nilizotembelea wafanyakazi walikuwa wakiushusha mzigo huo kwa bando la simu zao wenyewe, kwa sababu tajiri aliwaambia waharakishe na mtandao wa ofisi ulikuwa umekatwa. Hakuna aliyerudishiwa hata shilingi. Ni sawa na kumwambia dereva wa lori ajinunulie dizeli.

Chukua na muda. Kipanya kile kile, kibodi ile ile, lakini vitu vimehamishwa. Ukibonyeza upande wa kulia wa kipanya, orodha uliyoizoea imefupishwa, na mengine yamefichwa nyuma ya mstari mmoja wa ziada. Ni jambo dogo. Kwa mtu anayelifanya mara mia mbili kwa siku si dogo tena, na majuma ya mwanzo kasi yake itashuka. Mama mmoja mchapaji wa barua alinieleza kwamba kipimo chake cha kurasa hakikupunguzwa hata siku moja, kwa hiyo alikuwa akibaki jioni bila malipo mpaka vidole vilipozoea.

Na chukua lawama. Hili ndilo lililonifanya niandike.

Katika ofisi moja, ambayo siitaji, karani wa mishahara mwenye miaka 11 kazini alikuta Jumatatu asubuhi kompyuta yake imebadilishwa. Ilifanywa Jumamosi, yeye hayupo. Programu ya mishahara ya ofisi ile ilikuwa ya zamani mno, ya wakati ule kabla ya Windows za sasa, na iliweza kufanya kazi kwenye Windows 10 kwa sababu Windows hiyo ilikuwa ya aina ya biti 32. Windows 11 haina aina hiyo. Yote ni ya biti 64, na programu kongwe kama ile haiwezi kufunguka. Mishahara ikachelewa siku nne. Karani akapewa barua ya onyo, na akaambiwa kwamba malipo ya fundi aliyeitwa kuokoa kazi yatakatwa kwenye mshahara wake.

Tawi lilipopata habari tulikwenda watu watatu. Hatukupiga kelele. Tuliuliza nani aliamuru mashine ibadilishwe, nani aliijaribu ile programu kwanza, na karani aliarifiwa lini. Maswali yote matatu hayakuwa na jibu. Kisha tukaweka mezani Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006, ambayo haimruhusu mwajiri kukata mshahara isipokuwa kwa makato yanayokubaliwa na sheria yenyewe. Wenzetu wa Kenya wanayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inayotaja uharibifu wa mali ya mwajiri na kusema lazima uwe umetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Barua ya onyo iliondolewa kwenye faili, na makato hayakufanywa. Lakini waliochelewa kupata mshahara hawakulipwa fidia yoyote, na wapo waliolipa kodi ya nyumba kwa mkopo wa riba. Hapo hatukushinda.

Kutokana na shauri lile tawi letu limeandika madai ambayo sasa tunayapeleka kwa kila mwajiri anayetaka kubadilisha. Mfanyakazi anayeitumia mashine aarifiwe walau majuma mawili kabla, na programu zake zote na printa yake zijaribiwe mbele yake kabla ya mashine ya zamani kuondolewa. Mafunzo yawe ndani ya saa za kazi. Bando ni la mwajiri. Kipimo cha kazi kipunguzwe mwezi wa kwanza. Na kama mabadiliko yatapunguza watu, tusiarifiwe kwa barua za kuachishwa. Sheria ile ile ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri anayekusudia kuwaachisha watu kumi au zaidi ndani ya miezi mitatu, kwa sababu za kiufundi au za kiuchumi, awaarifu wawakilishi wa wafanyakazi pamoja na Kamishna wa Kazi.

Waajiri wawili wamekubali yote isipokuwa kipimo cha kazi. Mmoja amejibu kwamba kompyuta ni mali yake na anaibadilisha apendavyo. Kwa huyo tunarudi Alhamisi ya juma lijalo, na safari hii mama mchapaji wa barua atakuwa pamoja nasi, na daftari lake alimoandika jioni zote alizobaki.