Mashine za sarafu Mbarara: tisini ya nini?

Wenye maduka wa Kakiika, kaskazini mwa jiji la Mbarara, wakiulizwa kuhusu mashine za kamari za sarafu huanza na kodi. Wana haki. Nchini Uganda, marekebisho ya sheria ya 2023 yaliipandisha kodi ya michezo ya mashine kutoka asilimia 20 hadi 30, huku ya kubeti mpira ikiachwa kwenye 20. Ukikaa nao zaidi, linatoka jambo jingine ambalo maafisa hawaligusi.

"Funguo si yangu, hesabu si yangu," anasema mmoja wao, aliyekubali kuwekewa mashine mbili kibarazani kwa mpango wa kugawana. "Mwenye mashine anakuja, anafungua boksi, tunahesabu sarafu, ananipa changu. Wiki moja limejaa, wiki nyingine mtu mmoja amelikausha. Nikiuliza imewekwa asilimia ngapi, ananiambia inarudisha tisini. Tisini ya nini? Vijana wanatoka hapa bila nauli, na lawama napewa mimi."

Swali lake lina jibu, tena si gumu. Tisini ni ya kila mzunguko wa pesa, si ya mfuko wa mchezaji. Chukua kijana mwenye shilingi 10,000. Akizicheza zote mara moja, kwa wastani atabaki na 9,000. Lakini haondoki, anazirudisha hizo 9,000 na kubaki na 8,100. Akifanya hivyo mara 10, mkononi zinabaki kama 3,490. Mashine imechezewa zaidi ya shilingi 65,000 na imerudisha asilimia 90 yake kweli. Kijana naye amepoteza karibu theluthi mbili ya alichokuja nacho. Katika 6,510 zilizobaki kwenye sanduku, kodi ya asilimia 30 ni kama 1,950, na kinachosalia ndicho cha kugawana, baada ya umeme na fundi.

Hiyo asilimia inatoka kwenye karatasi ya mbunifu. Anaandika kila picha iko mara ngapi kwenye kila gurudumu, kila safu inalipa nini, anazidisha, anajumlisha. Mashine za mwanzo za San Francisco, mwishoni mwa karne ya 19, zilikuwa na magurudumu matatu yenye nafasi 10 kila moja: safu 1,000, mtu angeweza kuzihesabu kwa macho. Hataza iliyotolewa Marekani mwaka 1984 ilibadili mambo. Gurudumu linaloonekana linaweza kuwa na nafasi 22, lakini kompyuta ndani inachagua kati ya 64 au zaidi. Mchezaji anadhani zawadi kubwa ni nafasi moja kati ya 10,648, kumbe ni moja kati ya 262,144.

Na mashine mbili za tisini si lazima zifanane. Moja hulipa kidogo kidogo kila mara. Nyingine hukaa kimya muda mrefu kisha ikalipa kwa kishindo. Mwenye mtaji mdogo akipewa hii ya pili anaweza kufilisika kabla wastani haujafika. Huenda ndiyo maelezo ya zile wiki za mfanyabiashara wetu, ingawa bila karatasi hakuna wa kuthibitisha.

Afisa mmoja anatuhakikishia kuwa kila mashine yenye leseni inaonekana kwenye mfumo mkuu wa kielektroniki. Kwa kasino za mjini hatuna sababu ya kumkatalia. Kwa mashine za vibarazani, zisizounganishwa na chochote, ni vigumu kumwamini. Hata umri haukaguliwi: sheria ya michezo ya kubahatisha ya 2016 inataka mchezaji awe na angalau miaka 25. Mfanyabiashara wetu anakiri kwamba haombi kitambulisho.

Suala hili linafika hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, alikoishi mfanyabiashara huyo kabla ya kuhamia mjini. Tangu 2023 msaada wa chakula na fedha kwa wakimbizi Uganda umegawanywa kwa madaraja na kupunguzwa. Mtu anayetegemea mgao huo hana nafasi ya kujifunza maana ya tisini kwa kupoteza, na hesabu ya uwezekano inayofundishwa sekondari ingetosha kumwonyesha. Kwa nini mifano ya darasani haitoki kwenye mashine iliyo mlangoni, tunashindwa kuelewa.

Biashara yenyewe inaweza kudumu, kwa kuwa sarafu haihitaji simu wala intaneti. Inaweza pia kuhamia kwenye simu kama kubeti kulivyohamia. Kodi ikipanda tena, wa kwanza kubanwa watakuwa wenye vibaraza, si wenye mashine. Mfanyabiashara wetu ameomba kuonyeshwa karatasi ya mashine zake. Amekataliwa, na makubaliano yao hayajaandikwa popote.