Mbwa ao paka aliyeachwa: mambo ya kufanya mbele ya kumuingiza nyumbani

Watu wakikimbia vita, ao volkano kama Nyiragongo ya Mei 2021, mara nyingi mbwa na paka wanabaki bila mwenyewe. Kumupokea mmoja ni vizuri, lakini kichaa cha mbwa kinaua.

Kwanza, uliza majirani: pengine mwenyewe anamutafuta. Kisha mupeleke kwa munganga wa wanyama apate chanjo. Siku za kwanza, mutenge na watoto. Umupe maji, chakula na kivuli.

Akiuma mutu, osha kidonda na maji na sabuni dakika 15, halafu muende hospitali siku ileile kwa chanjo. Musimuue huyo munyama: afungwe, achungwe siku 10. Musingojee dalili. Zikishaonekana kwa mutu, karibu kila mara anakufa.