Je, Wajua? Bunduki ya Misumari Huchaguliwa kwa Kuanza na Msumari

Je, wajua kwamba bunduki ya misumari ilizaliwa kwenye karakana ya ndege? Mhandisi Morris Pynoos aliibuni alipokuwa katika mradi wa H-4 Hercules, ndege kubwa mno ya mbao iliyoundwa na kampuni ya Howard Hughes huko Marekani. Mwili wa ndege hiyo uliunganishwa kwa gundi. Misumari ilipigiliwa ili mbao zitulie wakati gundi inakauka, kisha ikang'olewa yote. Ndege yenyewe iliruka mara moja tu, tarehe 2 Novemba 1947. Bunduki iliingia sokoni mwaka 1950, ikitumia hewa iliyoshindiliwa, kwa kazi ya kupigilia sakafu. Fundi aliyesimama wima aliweza kupiga misumari 40 hadi 60 kwa dakika.

Hesabu hiyo inamtamanisha mtu anayejenga nyumba ya mbao Njoro, Elburgon au Molo nchini Kenya, ambako fremu za 3 kwa 2 na 4 kwa 2 bado zinasimamishwa kwa nyundo, ukuta unavikwa mabanzi yaliyopakwa oili chafu kuzuia mchwa, na fundi ana misumari kadhaa mdomoni. Hata mwenye nyumba ya mawe mjini Nakuru bado ana paa la kufikiria, na paa ni mbao.

Je, wajua kwamba saiprasi na paini za mashamba ya miti ya Mau asili yake ni Mexico? Miti hiyo ndiyo inayoendesha viwanda vya mbao vya Elburgon na Molo, na sera ya misitu ikibadilika, bei kwenye yadi hubadilika nayo. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma kwa siku 90. Katazo likaongezwa tena na tena, mpaka Julai 2023 Rais William Ruto alipotangaza akiwa Molo kwamba limeondolewa. Mbao zikiwa ghali, kila msumari unaopasua ncha ya mbao ni hasara ya pesa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wanunuzi wengi hulijua wakiwa wameshalipa. Misumari inayopimwa kwa kilo kwenye hadiwea, ile ya inchi 3 au 4 inayofungwa kwenye gazeti, haiingii kwenye bunduki. Bunduki hula misumari iliyopangwa safu na kushikwa pamoja kwa karatasi, plastiki au waya, na kila safu ina mlalo wake: kuna ya nyuzi 21, kuna ya 28, kuna ya 30 hadi 34. Bunduki ya nyuzi 21 haitakubali safu ya 34 hata ukiibembeleza. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya bunduki, zunguka maduka ya Nakuru uulize misumari yake: iko, ni ya mlalo gani, na mwezi ujao itakuwepo? Jibu likiwa la kusitasita, iache bunduki hiyo dukani.

Tena, msumari wa bunduki ni mwembamba kuliko ule wa nyundo wenye urefu uleule. Kwa vipimo vya Kimarekani, msumari wa kawaida wa inchi 3 na nusu una unene wa milimita 4.1, ilhali wa bunduki mara nyingi ni 3.3 au chini yake. Anayebadilisha nyundo kwa bunduki na kubakisha idadi ileile ya misumari kwenye kila kiungo amejenga fremu dhaifu kuliko alivyodhani. Ongeza misumari.

Mafundi wa makochi wanazo bunduki pia, nao huzitumia kwa ustadi mkubwa. Lakini zile hupiga stepla na misumari myembamba isiyozidi inchi 2 hivi. Usikubali kuuziwa moja ya hizo ati ni ya fremu. Ya fremu inapaswa kumeza inchi 3 hadi 3 na nusu. Mabati nayo yana msumari wake wenye kofia pana na raba chini yake, na huo upigwe kwa nyundo.

Je, wajua kwamba msumari laini uliopigwa kwenye mbao mbichi unaweza kupoteza hadi robo tatu ya mshiko wake mbao ikikauka? Nyuzi za mbao husinyaa na kuuachia msumari. Ukipiga nyundo kwenye mbao iliyotoka mashineni juzi, utaona maji yakichuruzika kando ya kichwa cha msumari. Hilo ni onyo. Panga mbao zako kivulini, weka vijiti kati ya tabaka na tabaka ili hewa ipite, na uzipe muda. Misumari yenye pete mwilini hushika vizuri zaidi kuliko laini, na safu za bunduki zinapatikana za aina zote mbili.

Je, wajua kwamba kompresa hufanya kazi zaidi Molo kuliko Mombasa? Nakuru mjini ni takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Molo inakaribia 2,500. Kanieneo ya hewa Nakuru ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani, na Molo kama 75. Pampu inameza hewa hafifu, hivyo huzunguka kwa muda mrefu zaidi kulijaza tangi lilelile. Geji ikishafika paundi 100 kwa inchi mraba, hata hivyo, msumari unapigwa kwa nguvu ileile. Bunduki nyingi za fremu hutaka paundi 70 hadi 120. Zile za gesi ni habari nyingine: huunguza gesi na hewa ndani ya silinda, na hewa ikiwa haba pigo hupungua. Kwa nyanda hizi za juu, mimi ningechagua ya hewa au ya betri. Na ukiletewa kompresa na ndugu aliyeko Marekani, kumbuka ni ya volti 120. Umeme wetu ni 240.

Tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilipasua ardhi kwenye bonde la Subukia, kaskazini ya Nakuru. Hakuna kubwa kuliko hilo lililopimwa nchini Kenya. Nalitaja kwa sababu wapo wanaoamini skrubu ndiyo imara kila mahali. Msumari ni chuma laini: fremu ikitikiswa, unapinda na kunyonya mtikisiko. Skrubu nyingi ni ngumu, na zikizidiwa hukatika ghafla.



Lililo zito kuliko yote ni kifyatuo. Bunduki ya fremu ina mdomo unaobonyea, na haipigi mpaka mdomo huo ugandamizwe. Katika mfumo wa hatua kwa hatua, unagandamiza mdomo, unavuta kifyatuo, kisha unaachia vyote kabla ya msumari unaofuata. Katika mfumo wa kugusa, ukiwa umeshikilia kifyatuo, kila mdomo unapogusa kitu msumari unatoka. Kitu hicho kinaweza kuwa mbao. Kinaweza kuwa goti lako, au mkono wa kibarua anayekushikia mbao, kwa sababu bunduki hurudi nyuma ikipiga na huweza kugusa tena kabla hujajua. Utafiti kati ya maseremala wanagenzi Marekani ulionyesha kwamba mfumo wa kugusa una hatari maradufu. Huko, kati ya 2001 na 2005, majeraha ya bunduki za misumari yalipeleka watu wapatao 37,000 hospitalini kila mwaka.

Kwa nyumba moja na banda la kuku, nyundo nzuri na fundi mzoefu vinatosha kabisa. Ukiwa na kazi ya kuendelea, nunua bunduki ya hewa yenye kifyatuo cha hatua kwa hatua, inayopiga misumari ya inchi 3 hadi 3 na nusu ambayo umeiona kwa macho yako katika duka la Nakuru. Nunua na miwani ya usalama siku hiyohiyo, ya kwako na ya kibarua wako, na mwambie aweke mkono angalau futi moja kutoka pale msumari unapoingia.