Vyombo Juu ya Kirikuu: Namna ya Kuhama bila Kupoteza Mali

Mwisho wa mwezi haupiti Dar es Salaam bila barabara kuanika siri za ndani za watu. Kirikuu, gari dogo la mizigo, kinapita kimebeba kabati lililofungwa kamba, godoro limesimamishwa ubavuni, ndoo zimepachikwa moja ndani ya nyingine, na juu kabisa kijana amekumbatia televisheni. Nyuma inafuata bodaboda iliyompakia mama mwenye vyombo hivyo, mkononi ana chungu na begi la nyaraka. Kodi imeisha, au imepanda, au familia imeongezeka, au kazi imehamia upande wa pili wa mji.

Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na sehemu kubwa yao wanaishi katika nyumba za kupanga. Kwa hiyo kuhama ni jambo la kawaida kabisa. La ajabu ni jinsi linavyoendelea kuwashtukiza watu. Watu wanaopanga harusi kwa miezi sita huhama kwa maandalizi ya siku mbili, kisha hujiuliza fedha zimeishia wapi na sufuria kubwa ilishuka kituo gani.

Ukweli ni kwamba hasara nyingi za kuhama hutokea kabla gari halijafika mlangoni, na nyingine huja wiki kadhaa baada ya gari kuondoka. Siku ya kubeba vyombo ndiyo yenye kelele na jasho, lakini ni sehemu ndogo tu ya kazi.

Hesabu kwanza, makochi baadaye

Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Dalali naye ana chake, na kwa mazoea ya mjini ni kodi ya mwezi mmoja, ukiacha fedha ndogondogo za kuonyeshwa vyumba. Chukua mfano wa nyumba ya shilingi 250,000 kwa mwezi. Kodi ya miezi sita ni shilingi 1,500,000. Ongeza 250,000 za dalali, na mpangaji ameshatoa 1,750,000 kabla hajakodi gari, hajabadilisha kitasa wala hajanunua pazia la dirisha lenye kipimo kipya.

Ndiyo maana tarehe muhimu kuliko zote ni ile ya kodi kuisha. Mikataba mingi humtaka mpangaji atoe taarifa mapema, mara nyingi mwezi mmoja au zaidi, na asiyeisoma hujikuta akidaiwa kodi ya nyumba mbili kwa wakati mmoja. Mpangaji makini huanza kutafuta akiwa bado na miezi miwili mkononi. Aliyebakiza wiki moja hana nguvu ya kupatana. Dalali humsoma usoni, naye mpangaji atachukua chochote atakachoonyeshwa.

Nyumba ikipatikana, ikaguliwe zaidi ya mara moja. Mchana inaonyesha rangi ya ukuta. Usiku inaonyesha kelele za baa ya jirani na giza la njia. Baada ya mvua inaonyesha zaidi, kwani kati ya Machi na Mei masika hufichua paa linalovuja na uwanja unaogeuka bwawa. Wakazi wa Bonde la Msimbazi wanalijua hilo vizuri. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 serikali iliwahamishia waathirika wengi Mabwepande, nje kidogo ya mji, na hao walihama bila muda wa kuchagua wala kufungasha.

Maji na umeme vina maswali yake. Je, bomba linatoa kila siku au kwa mgao? Bili ya maji iko kwa jina la nani, na ina deni? Mita ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ni ya kila mpangaji au nyumba nzima inachangia moja? Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme. Ilianza kwa shilingi 12,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 18,000, yaani 1,500 kila mwezi. Mita iliyokaa miezi mingi bila kununuliwa umeme hulimbikiza makato hayo, na mpangaji mpya hushangaa fedha yake ya kwanza ikimpatia uniti chache kuliko alizotarajia. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, hivyo ni busara yeye na mpangaji wakubaliane mapema namna ya kuirejesha au kuipunguza kwenye pango.

Kupunguza kabla ya kufungasha

Kila kitu kinachopanda gari kinalipiwa, hata kama ni kibovu. Wiki tatu kabla ya kuhama ndio wakati wa kuamua hatima ya feni isiyozunguka, viatu vya mtoto aliyeshakua na makopo ya rangi yaliyobaki chini ya kitanda. Kinachouzika kiuzwe, kinachofaa jirani apewe, kilichobaki kiende jalalani. Unga, mchele na mafuta yaliyomo stoo yaanze kupikwa badala ya kununua mengine.

Kisha linakuja daftari. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna pahali ambapo methali hiyo ina kazi kama katika kuhama. Kila boksi lipewe namba na chumba linakokwenda: namba 4, jikoni; namba 9, chumba cha watoto. Daftari liandike kilichomo. Wakati wa kushusha, mtu mmoja husimama mlangoni akihesabu. Boksi likikosekana, litajulikana gari likiwa bado nje.

Vifaa vya kufungashia havihitaji gharama kubwa. Maboksi matupu hupatikana kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, viroba na sandarusi sokoni, na begi la shangazi kaja hubeba nguo za watu watatu. Sahani na glasi zifungwe kwa khanga na mashuka, kwa kuwa nguo hizo nazo lazima zisafiri. Sahani zisimamishwe kwa ubavu ndani ya boksi, maana zikilazwa moja juu ya nyingine za chini huvunjika kwa mtikisiko. Vitabu viwekwe kwenye maboksi madogo. Boksi kubwa la vitabu hutoboka kitako. Skrubu za kila kitanda zitiwe kwenye kimfuko cha kitambaa na kufungwa kwenye mbao za kitanda hichohicho.

Nyaraka hazipandi gari la mizigo. Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, kadi za bima na za kliniki, vyeti vya shule, mkataba na risiti za kodi hukaa kwenye begi moja linalobebwa na mtu mzima wa familia, pamoja na dawa za kila siku na fedha.

Kuna abiria wengine wasiotakiwa: kunguni. Hujificha kwenye viungo vya kitanda, kwenye mishono ya godoro na nyuma ya makochi, na familia nyingi huingia nao nyumba mpya bila kujua. Kuanika godoro juani pekee hakutoshi, kwa sababu wadudu hao hukimbilia upande wenye kivuli. Mashuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto, kitanda kifunguliwe vipande na kila kiungo kikaguliwe kabla ya kupakiwa. Mende nao hupenda joto la nyuma ya friji, nao wakaguliwe.

Kirikuu, Kenta au Fuso?

Kwenye uchaguzi wa gari ndipo wengi huumia kwa kutaka nafuu. Kirikuu ni chepesi, kinaingia vichochoro vya Manzese na Tandale, na bei yake inavumilika. Lakini kilitengenezwa Japani katika daraja la magari madogo ambayo mzigo wake halali huko ni kilo 350. Bodi yake ina upana wa karibu mita 1.4, wakati godoro la sita kwa sita lina sentimita 183 kila upande, ndiyo maana huonekana limesimama likipunga upepo. Friji, kabati, jiko, kitanda cha mninga na vijana wawili wa kubeba huzidi kilo hizo bila shida. Anayetaka kila kitu kiende kwa kirikuu hulipia safari mbili au tatu, na mara nyingi jumla yake hufikia bei ya Kenta moja.

Kenta, lori dogo lenye uwezo wa tani mbili hadi nne kulingana na toleo, huwatosha watu wa vyumba viwili au vitatu. Fuso ni lori la nyumba nzima au safari ya mkoani, ila haliingii kila mtaa. Likishindwa kufika mlangoni, vyombo vitamaliziwa kwa guta la magurudumu matatu au mabegani, nako kuna malipo yake. Dereva apelekwe kuona njia, au walau aelezwe ukweli kuhusu kona, matope na nyaya zilizolegea.

Mapatano yamalizike kabla kamba ya kwanza haijafungwa. Bei ya gari ni ya gari. Kupakia na kushusha mara nyingi ni mkataba mwingine na vijana wa deiwaka, yaani vibarua wa siku. Kama hakukutajwa ghorofa ya tatu, ubishi utazuka chini ya ngazi, jioni, vyombo vikiwa njiani na mwenye vyombo hana pa kukimbilia.

Vitu vingine vina masharti. Friji izimwe na kuyeyushwa barafu siku moja kabla, isafiri imesimama, na ikifika ipumzike saa kadhaa kabla ya kuwashwa ili oili ya kompresa irudi mahali pake. Ikiwa ililazwa muda mrefu, isubiri hadi siku nzima. Televisheni bapa isimamishwe katikati ya magodoro mawili, isilazwe. Mtungi wa gesi ufungwe valvu, uvuliwe regyuleta, usafiri umesimama sehemu yenye hewa, kamwe si ndani ya gari dogo pamoja na abiria. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini, ikingoja cheche.

Mbali zaidi ya mtaa wa pili

Kuhama mkoa kwa mkoa kunadai subira zaidi, na nchi yenyewe imetoa mfano. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifikiwa 1973, ukakaa miongo minne bila kutimia. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba sasa serikali inahama. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihamia Septemba mwaka huohuo, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan Desemba 2017, na Magufuli mwenyewe Oktoba 2019. Wizara zilipeleka watumishi kwa awamu. Baadhi zilijihifadhi katika majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma huku ofisi za mji wa serikali wa Mtumba zikijengwa.

Familia za watumishi nazo zilijifunza kugawa safari. Mmoja alitangulia akapanga chumba kimoja, akazijua bei na shule, kisha wengine wakafuata watoto walipofunga mwaka. Zipo ambazo hadi leo zina nyumba mbili, na treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, imefanya maisha hayo yawezekane kwa safari ya saa zipatazo nne.

Mtoto wa shule ndiye anayepanga kalenda. Januari, mwaka wa masomo unapoanza, ndiyo nafasi nzuri ya kumhamisha. Uhamisho wake lazima ufanyike pia kwenye mfumo wa namba za PREM za Baraza la Mitihani, si kwa barua peke yake. Mwanafunzi wa darasa la nne au la saba anaweza kuwa ameshasajiliwa kwa mtihani wa taifa katika shule ya zamani, kwa hiyo mzazi azungumze na walimu wakuu wa pande zote mbili kabla ya kulipa kodi ya nyumba mpya.

Kuaga na kujitambulisha

Vyombo vihame mchana. Anayehama usiku hudhaniwa anakimbia deni, na askari akisimamisha gari lililojaa samani saa nane za usiku ana haki ya kuuliza. Barua ya serikali ya mtaa inayoeleza nani anahama kutoka wapi kwenda wapi huondoa maswali hayo. Nairobi mambo hayatofautiani sana: katika majumba mengi mlinzi wa getini hafungui mpaka aone kibali kutoka kwa msimamizi kwamba kodi imelipwa. Huko mpangaji huweka pia amana, kwa kawaida ya mwezi mmoja, ambayo hukatwa gharama za rangi na uharibifu. Picha za simu zilizopigwa siku ya kuingia ndizo ushahidi wake siku ya kutoka.

Mtaa mpya nao unataka kumjua aliyeingia. Mjumbe na mwenyekiti wa mtaa wakijua jina lake mapema, barua ya utambulisho kwa ajili ya benki, kitambulisho au dhamana haitakuwa tabu siku itakapohitajika. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022, nyumba nyingi zina namba, jina la barabara na postikodi; anwani hiyo mpya ipelekwe kwa mwajiri, benki na shule. Pwani, wengi hawalali usiku wa kwanza kabla ya kusoma dua na kufukiza ubani, na majirani wakialikwa kwenye chai ya dua hiyo, utambulisho unakuwa umekamilika.

Kazi ya mwisho iko kwenye nyumba ya zamani. Ifagiliwe, mita za maji na umeme zipigwe picha, funguo zikabidhiwe kwa mwenye nyumba mbele ya shahidi, na mpangaji adai maandishi kwamba hana deni. Asiye na karatasi hiyo anaweza kufuatwa na madai hata mwaka mmoja baadaye, na atakuwa hana cha kuonyesha.