Usiliuze gitaa kavu la babu!

MSOMAJI wangu, hebu tuambiane ukweli. Nyumbani kwenu kuna gitaa la babu limetundikwa ukutani. Dogo, limepauka, vumbi mpaka ndani ya tundu. Wewe roho yako iko kwenye gitaa la umeme na maspika ya kutikisa mtaa mzima. Ukipata mteja leo, unaliuza! Subiri kwanza, kaka. Subiri, dada.

Vigitaa vya namna hiyo vina historia yake. Huko Marekani, karne ya 19, redio ilikuwa haijazaliwa. Ukitaka muziki, unaupiga mwenyewe sebuleni mbele ya wageni, ndiyo maana mpaka leo Wamarekani wanayaita magitaa ya sebuleni. Fundi C. F. Martin, Mjerumani aliyehamia New York mwaka 1833, alijijengea jina kwa magitaa madogo. Baadaye viwanda vya Chicago vikayamwaga sokoni kwa bei ya chini, yakauzwa hata kwa posta, mpaka mtu wa shamba naye akapakata la kwake.

Mmoja wa hao wa hali ya chini ni Elizabeth Cotten, binti mweusi wa North Carolina. Alifanya kazi za ndani akiwa bado mtoto, akadunduliza, akanunua gitaa kwa dola 3.75. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, basi akaligeuza juu chini na kujifundisha mwenyewe! Utu uzima ulipoingia, kanisani wakamwambia hizo ni nyimbo za dunia, akaliacha. Miaka ikapita, si miwili wala mitatu. Akawa mtumishi wa ndani kwa familia ya akina Seeger, watu wa muziki, na ukutani kwao kulikuwa na gitaa. Siku moja akalitungua. Vidole vikakumbuka! Mwaka 1958 santuri yake ya kwanza ikatoka, na mwaka 1985 akapewa tuzo ya Grammy, bibi wa miaka 90 na ushei. Mama huyo alifariki mwaka 1987.

Sasa utamu wa gitaa hilo uko wapi? Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo besi haingurumi, lakini nyuzi nyembamba zinalia safi kama kengele. Halikufichi. Ukikosea, kila mtu kasikia. Ukipatia, nywele zinasimama. Halafu unalipakata kama mtoto mchanga, na kwenye chumba chako cha kupanga unalipiga usiku bila jirani kugonga ukuta.

Usidhani ni mambo ya Wamarekani peke yao. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, siku hizi Likasi. Gitaa kavu moja, kidole gumba na cha shahada, lakini ukimsikiliza utaapa wako wawili!

Angalizo moja tu. Ukilitungua la kwenu, usikimbilie kufunga nyuzi nene za chuma. Magitaa mengi ya zamani sana yalitengenezwa kwa nyuzi za utumbo wa mnyama. Chuma kinavuta kwa nguvu, kinapinda shingo na kung'oa kile kibao kinachoshika nyuzi. Mpelekee fundi alikague kwanza. Akikwambia halihimili chuma, funga za nailoni. Lisiachwe juani, wala lisiegemezwe kwenye ukuta wenye unyevu.

Unajiuliza kwa nini nakung'ang'ania hivi? Kwa sababu mimi langu niliuza. Gitaa la marehemu babu, mzee aliyekuwa analicharaza kila Jumapili jioni barazani, nikamkabidhi mtu nisiyemjua, nikanunua raba. Jamani, raba! Mwaka haukuisha soli zikaachia. Bibi hakunigombeza hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Nimezunguka kwa mafundi na kwenye maduka ya vitu vya zamani kulitafuta, sijaliona.

Msumari wake bado upo ukutani. Bibi anatundikia kanga.

Basi wewe, kabla hujaita mteja, muulize kwanza bibi yako babu alikuwa anapiga wimbo gani. Tukutane wiki ijayo.