Usingizi Ukikatwa, Hupungua Nini?

Kazi zikitubana, cha kwanza kupunguzwa ni usingizi. Hesabu tunayoipiga ni nyepesi: aliyezoea kulala saa nane akijiamsha saa mbili kabla ya wakati wake, amepoteza robo ya usingizi, basi. Hesabu hiyo ingesimama kama saa zote za usiku zingefanana. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na kila mzunguko una mchanganyiko wake. Mapema usiku hutawala usingizi mzito: ubongo hutoa mawimbi makubwa ya umeme yasiyozidi manne hivi kwa sekunde, mapigo ya moyo na shinikizo la damu hushuka, na tezi iliyo chini ya ubongo humwaga homoni ya ukuaji kwa wingi. Kuelekea alfajiri zamu hubadilika. Hapo hurefuka usingizi wa ndoto, ambao Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago waliueleza mwaka 1953: macho hukimbia huku na huko chini ya kope na ubongo huchangamka karibu sawa na wa mtu aliye macho, ilhali misuli ya mikono na miguu imelegezwa, mtu asije akatenda anachokiota. Kwa hiyo anayekata saa mbili za mwisho huchota zaidi kwenye fungu hilo moja, na hasara yake hapo hupita robo.

Yuko atakayesema kwamba mwili ni mazoea. Hans Van Dongen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walilipima dai hilo katika utafiti waliouchapisha mwaka 2003. Watu wazima wenye afya njema waliruhusiwa kulala saa nne, sita au nane kwa usiku, siku 14 mfululizo, na mchana walitakiwa kubonyeza kitufe mara tu ishara inapojitokeza. Waliopewa saa sita walizidi kuchelewa na kupitwa kadiri siku zilivyosonga, lakini walipoulizwa hali zao, walijiona wana usingizi kidogo tu. Kilichozoea ni hisia. Uwezo uliendelea kuporomoka.

Pingamizi zito zaidi linatoka Tanzania. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, pamoja na Wasan wa kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia, walipimwa na Jerome Siegel na wenzake. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba wastani wa usingizi wao ni saa 5.7 hadi 7.1. Mbona hao hawadhuriki? Takwimu hizo huhesabu usingizi wenyewe. Muda wa kuanzia kushikwa na usingizi hadi kuamka ulikuwa saa 6.9 hadi 8.5, bila kengele ya kuwakatiza. Mahitaji ya watu hutofautiana, na saa nane si amri. Kinachodhuru ni kuukatiza usingizi ambao mwili bado unaudai. Ikiwa huamki bila kengele na kila siku ya mapumziko unalala hadi jua kali, deni lako linajulikana: lala mapema.